Njia ya Miguu na Wenye Kuiziba

Mhariri wa gazeti letu ametutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike juu ya jambo tulijualo vema, tena lenye kuwafaa wasomaji. Wenzangu wameandika juu ya kilimo cha zabibu, juu ya umeme wa jua, na juu ya mpira. Mimi nimechagua jambo ambalo kila mtu hulipita kila siku pasipo kulitazama, nalo ni ile njia iliyo kando ya barabara, iliyowekwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, na jinsi inavyozibwa na pikipiki, bajaji, baiskeli, maguta na motokaa. Nyumbani kwetu ni Majengo, hapa hapa mjini Dodoma, si mbali na soko. Kwa kuwa shule yetu ni ya bweni, mimi huiona mitaa ya kwetu wakati wa likizo tu, na mtu aondokaye akarudi huyaona yaliyogeuka upesi kuliko yule akaaye hapo siku zote. Kila likizo naona nafasi ya kupita imepungua kidogo.

Kwanza yafaa tuijue njia yenyewe. Barabara ya mjini ina sehemu zake. Katikati hupita magari. Kando yake pana mtaro wa kuchukua maji ya mvua, na karibu na mtaro huo ndipo penye njia ya miguu. Mahali pengine imejengwa kwa vitofali vya saruji na kuinuliwa kidogo. Mahali pengine, kama katika mitaa mingi ya Majengo, haikujengwa kitu, ila upo ukanda wa udongo baina ya baraza za nyumba na barabara, na watu wote wanajua kwamba hapo ndipo pa kupita. Iwe ya vitofali au ya udongo, kazi yake ni moja, yaani kumtenga mtu na gari.

Wale wanaosoma fizikia wanajua kwa nini yapasa kumtenga. Nishati iliyomo katika chombo kiendacho hukua kwa mraba wa mwendo wake, maana yake mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne, na mwili wa mwanadamu haukuumbwa kupokea pigo la namna hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 hivi walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa mtu aendaye kwa miguu. Basi mtu asimamishaye pikipiki yake juu ya njia ya miguu hakuchukua mahali tu. Amemtoa mwenzake penye salama akamsukuma kwenye magari. Yeye mwenyewe halioni jambo hilo, kwa sababu wakati huo ameketi kivulini anakunywa soda.

Sasa nieleze jambo ambalo naona ndilo kiini cha habari hii yote, nalo watu wengi, hata wenye elimu, hawalifikiri. Upana wa njia hupimwa mahali palipo pembamba kuliko pote. Tuseme njia ina urefu wa mita 200 na upana wa mita 2. Pikipiki ya kawaida ina urefu wa mita 2 hivi, na usukani wake una upana wa sentimita 80 hivi. Ikisimamishwa sambamba na barabara, pembeni kabisa, itabaki nafasi ya zaidi ya mita moja, na watu watapita. Ikisimamishwa kwa kukingama, haikubaki nafasi yoyote. Mwenye pikipiki atasema, "Mbona nimechukua mahali padogo tu, na njia yote iko wazi?" Kwa hesabu yake asema kweli, maana urefu aliouziba haufiki hata mita moja, na mita 199 ni tupu. Kijana kama mimi nikifika hapo nitaruka mtaro, nitatembea hatua tatu barabarani, kisha nitarudi njiani, na kabla ya kufika nyumbani nitakuwa nimekwisha kusahau.

Lakini tumtazame mtu aendaye kwa kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe kina upana wa sentimita 65 au 70, na mikono yake inayosukuma magurudumu nayo yataka nafasi, kwa hiyo wajenzi huhesabu sentimita 90 kuwa ndicho kipimo cha chini kabisa. Akiifikia pikipiki ile hawezi kuiruka. Hawezi kushuka ukingo, maana kiti kitapinduka. Hawezi kuvuka mtaro, kwa sababu mfuniko uko mwanzo wa njia au mwisho wake. Hapana budi ageuze kiti, kama nafasi ya kugeuzia ipo, arudi mpaka pale alipopandia, kisha aende kati ya malori kwa urefu wote wa njia ile. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa wale watumiao baiskeli za miguu mitatu zinazoendeshwa kwa mikono, ambazo twaziona sana mjini petu. Kwao zilizozibwa ni mita 200, wala si sentimita 80. Kwa mwenye miguu yenye nguvu njia yaweza kuwa nusu wazi na nusu imefungwa. Kwa hawa njia haina nusu.

Habari ya asiyeona ni nyingine tena, na katika mkoa wetu yatuhusu kwa namna ya pekee. Nyanda hizi za kati ni kavu, maji ni haba, vumbi na inzi ni wengi, na kwa miaka mingi watu wamesumbuliwa na ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengine huuita vikope. Mtoto akiupata mara kwa mara, ukope wa jicho hupata makovu ndani, mwisho kope hugeuka kuelekea ndani na kukwaruza jicho mpaka nuru inatoweka. Wataalamu wa macho wamefanya utafiti mwingi wa ugonjwa huu huko Kongwa, na kwa dawa na kunawa uso umepungua sana, walakini wazee waliokwisha kupofuka zamani wako nasi. Tena pale Buigiri, wilayani Chamwino, iko shule ya watoto wasioona, na watoto hao hukua, hutafuta kazi, na huja mjini kama watu wengine.

Jirani yetu mmoja ni mzee asiyeona, nasi watoto wa mtaa humwita Babu. Huenda sokoni peke yake kwa fimbo nyeupe. Likizo iliyopita nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa bweni umerudi? Habari za masomo?"

Nikamjibu kuwa ni njema, nikamwomba anieleze ajuavyo njia. Akacheka kidogo, kisha akanieleza kwa utaratibu kama mwalimu. Alisema kwamba ukuta ndio barabara yake. Huanza penye baraza la nyumba yake, fimbo ikigusa ukuta upande wa kushoto na ardhi upande wa kulia, na huhesabu milango. Baada ya mlango wa nne pana harufu ya mashine ya kusaga, hapo hugeuka. Kitu chochote kilichosimamishwa ukutani humtoa kwenye barabara yake, na akizunguka kitu hicho mara mbili tatu hajui tena ukuta uko upande gani.

"Na pikipiki, Babu, fimbo haiigusi?"

"Yaigusa gurudumu. Lakini usukani uko juu. Fimbo ikisema pana kitu, kifua kimekwisha kujua."

Nimelifikiri sana neno hilo, nami nimeona ni kweli kabisa. Fimbo hupapasa chini, kwa upana wa mabega na hatua moja mbele. Chombo ambacho sehemu yake ya juu ni ndefu kuliko ile ya chini humdanganya mwenye fimbo. Usukani na vioo vya pikipiki ni namna hiyo, na ubao wa nyuma wa lori ni mbaya zaidi, maana fimbo hupita chini yake bila kugusa kitu, na pigo huja usoni. Kadhalika bomba la moshi la pikipiki iliyozimwa sasa hivi lina moto wa kuunguza ngozi, nalo liko sawasawa na mguu wa mtoto wa miaka mitano anayepita ameshika khanga ya mama yake. Mama huyo ana ndoo kichwani na mwingine mgongoni. Mtu mwenye ndoo ya maji kichwani hawezi kuinama wala kupinda upande, kwa hiyo naye hushuka barabarani.

Nisidhaniwe kuwa nawachukia waendesha bodaboda. Kaka yangu ni mmoja wao, na karo zangu za ziada na sabuni ya shule hutoka katika kazi hiyo. Yafaa tuijue asili yake. Jina hili lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, ambapo vijana wenye baiskeli waliwachukua watu kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili, wakinadi neno la Kiingereza la mpaka mara mbili mbili. Baadaye baiskeli zikawa pikipiki, na kazi ikaenea Uganda, Kenya na kwetu. Hapa Tanzania Serikali ilitoa kanuni mwaka 2010 za kuzipa pikipiki na bajaji leseni ya kuchukua abiria. Tangu hapo zimekuwa miguu ya mji. Mgonjwa huzipanda usiku, mama muuza mboga huzipanda alfajiri, na hata walimu wetu huzipanda wakichelewa, ingawa hawapendi tuseme.

Basi kwa nini husimama juu ya njia ya miguu? Nilimwuliza kaka yangu, naye hakukasirika. Alinipa sababu tatu, na naziandika kama alivyozisema. Ya kwanza ni abiria. Abiria hutoka sokoni amebeba kikapu, hatazami mbali, humpanda yule aliye karibu naye zaidi. Kwa hiyo kila mmoja husogea hatua moja mbele ya mwenzake, mpaka wote wamefika mlangoni pa soko, na mlango umezibika ingawa hakuna aliyekusudia kuuziba. Ya pili ni jua. Jua la Dodoma tunalijua wote, na kivuli kiko chini ya paa za maduka na chini ya miarobaini, yaani juu ya njia ya miguu hasa. Ya tatu ni wezi. Mtu ambaye bado analipa deni la pikipiki kwa wiki hawezi kuiacha mahali asipoiona.

Sababu ya kwanza ilinifundisha jambo. Nilikuwa nikidhani kwamba njia huzibwa na watu wenye tabia mbaya, kumbe aghalabu huzibwa na watu wanaoshindana, na kila mmoja akiwa peke yake hawezi kuacha, maana akirudi nyuma atapoteza abiria na mlango utazibwa na mwingine vilevile.

Wenye motokaa wana sababu nyingine, nayo yanichekesha. Dereva akikuta mtaa mwembamba hupandisha magurudumu mawili juu ya njia ya miguu, akaacha mawili chini. Ukimwuliza atasema amefanya hivyo kwa adabu, ili magari mengine yapite. Ni adabu kweli, lakini ni adabu kwa wenye magari wenzake tu. Tena uzito wa gari huvunja vitofali na mifuniko ya mitaro, ambayo haikutengenezwa kubeba tani moja na nusu, na mvua za Desemba hadi Aprili zikija, mahali pale pamekuwa shimo lililojaa maji machafu, hata gari lenyewe likiwa limekwisha kuondoka. Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami naona dereva hamjui aendaye kwa miguu mpaka siku gari lake limeharibika.

Juu ya maguta na mikokoteni sitasema mengi. Hupakua mzigo huondoka. Baiskeli za wachuuzi wa mkaa watokao vijijini nazo husimama kwa muda, ila zikiegemezwa tano ukutani, ya kwanza ikianguka huziangusha zote, na mkaa humwagika njia nzima.

Sasa liko jambo ambalo naona kila mwanafunzi wa Dodoma angelijua, kwa sababu ni la ajabu. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo likaundwa shirika la kuujenga mji, ambalo watu waliliita CDA. Mpango mkubwa wa mji ulikamilika mwaka 1976, nao ulitungwa na wataalamu wa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango huo haukutaka mji wa motokaa. Ulitaka mji ambamo watu wataishi katika vijiji vya mjini, karibu na shule na soko lao, watembee kwa miguu na kwa baiskeli, na kwa safari ndefu wapande mabasi yenye njia yao wenyewe. Mwalimu Nyerere na wenzake waliona kwamba nchi maskini haiwezi kumpa kila mtu gari, kwa hiyo mji wa wote ni mji wa miguu. Yaani mji huu wetu ulichorwa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu, nasi ndio tunaomshusha barabarani.

Sababu zake si fumbo. Fedha za kujenga mpango ule zilikuwa haba, na sehemu kubwa ilibaki katika karatasi. Kisha mambo yakaenda mbio. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na kazi yake ikapewa halmashauri. Serikali ilihamia hapa kwa wingi miaka hiyo hiyo, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika manispaa yetu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Majengo ni mtaa wa zamani, wenye nyumba zilizokaribiana na soko katikati, na haukuweza kupanuka ili kuwapokea watu hao na vyombo vyao. Wachoraji wa 1976 walizihesabu baiskeli na mabasi. Bodaboda hawakuiota.

Wala wasomaji wasifikiri kwamba hili ni jambo la nchi zetu peke yake. Mjini London ilibidi itungwe sheria mwaka 1974 ya kukataza motokaa kuegeshwa juu ya njia ya miguu, na Scotland ilitunga yake mwaka 2019, lakini miji yake ilianza kuweza kuwatoza watu faini kwa sheria hiyo Desemba 2023 tu. Paris, vijana walikodi vipikipiki vya umeme vya kusimamia, wakaviacha popote safari ilipokwisha, mpaka tarehe 2 Aprili 2023 wenyeji waliojitokeza wakapiga kura vikomeshwe, na Septemba vikaondolewa. Na katika nchi ya Uholanzi, ambako baiskeli ni nyingi mno, mji wa Utrecht umejenga chini ya stesheni ya reli mahali pa kuwekea baiskeli 12,500, kazi iliyokamilika mwaka 2019. Nimependezwa zaidi na Waholanzi kuliko na hao wengine, kwa sababu waliuliza swali ambalo sheria peke yake hailijibu: ukimwondoa huyu hapa, aende wapi?

Sheria kwetu ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha chombo mahali kinapowazuia au kuwahatarisha wengine, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka mahali pa watu wote pafikike na watu wote. Lakini askari akija na kuzikamata pikipiki kumi, kesho huja kumi nyingine, maana soko liko pale pale na abiria wako pale pale. Bwana mmoja wa mtaani kwetu husema dawa ni faini kubwa. Mimi sikubaliani naye. Faini humwondoa mtu mahali, haimpi mahali.

Hesabu ya mahali ni nyepesi, na naomba wenzangu wa Kidato cha Kwanza waifuate. Nafasi ya kuegesha motokaa moja kando ya barabara ni mita 5 kwa mita 2 na nusu. Pikipiki ikipewa upana wa mita moja, zitaingia 5 katika nafasi hiyo, zikiwa zimesimama barabarani, wala si juu ya njia ya miguu. Baiskeli, kwa sentimita 60 kila moja, zitaingia 8. Basi nafasi nne za motokaa karibu na mlango wa soko zingechukua kijiwe kizima cha pikipiki 20, na hasara yake ni wenye motokaa wanne kutembea hatua mia. Juu yake lingewekwa paa la turubai, na sababu ya pili ya kaka yangu, yaani jua, ingekwisha. Ya tatu ingekwisha nayo, kwa kuwa pikipiki zingekuwa machoni pa wenyewe.

Imebaki ile ya kwanza, ya kushindana, na hiyo ndiyo niliyoiona ikitatuliwa kwa macho yangu likizo ya Juni. Kijiwe cha kaka yangu kina mwenyekiti, mtu mzima kidogo, wao humwita Mjomba. Siku moja Babu aliumia. Alikuwa akifuata ukuta wake, akaingia katikati ya pikipiki tatu zilizosongamana, moja ikaanguka, naye akaanguka juu yake na kuunguza mkono kwenye bomba. Wale vijana walisikitika sana. Walimpeleka hospitali wenyewe, na hawakumtoza mtu kitu. Jioni wakafanya mkutano, nami nikasimama nyuma nikisikiliza.

Mmoja alitaka wote warudi nyuma ya mtaro. Mwingine akasema, "Tukirudi sisi, wa kijiwe cha pili watakuja kusimama hapa." Mabishano yakawa marefu. Mwisho Mjomba akasema, "Tuandike majina. Abiria akija ni wa aliye wa kwanza katika daftari, hata kama amesimama mbali. Asiye katika daftari hachukui abiria mlangoni hapa."

Msomaji ataona akili iliyomo katika shauri hilo. Abiria akiwa ni wa mwenye zamu, hakuna faida tena ya kuusogelea mlango. Aliye wa kumi aweza kukaa kivulini mbali, pikipiki yake pembeni, akangoja kuitwa. Siku ya pili walifunga kamba kutoka ukutani, wakapima mita moja na nusu, wakachora mstari mweupe wa chokaa kando ya ukuta kwa urefu wa maduka sita, na hakuna gurudumu lililoruhusiwa kuvuka mstari ule. Niliuliza kwa nini mita moja na nusu. Kaka yangu akasema, "Babu na mtu wa kupishana naye." Hakuna mhandisi aliyemweleza, lakini kipimo chake ni kizuri, maana kiti cha magurudumu na mtu mmoja wa miguu huweza kupishana hapo.

Lisingekuwa jambo la haki nikiandika kwamba mambo yote yamekuwa mema. Nilipopita wakati wa likizo fupi ya Septemba, daftari lilikuwa bado likitumika, na Babu alikuwa akienda sokoni. Lakini mahindi yalikuwa yakishushwa, na lori moja lilikuwa limesimama juu ya mstari wetu tangu asubuhi, ubao wake wa nyuma umefunguliwa sawasawa na uso wa mtu. Dereva alikuwa ametoka mbali wala hakujua lolote juu ya mstari. Kijana mmoja wa kijiwe alisimama karibu na ule ubao kwa muda wa saa nzima akiwazungusha wazee, na kwa saa hiyo zamu yake ilipita. Tena chokaa haistahimili mvua, na hata sasa hapana aliyejitolea kununua rangi ya mafuta. Kaka yangu anasema wataandika barua kwa ofisi ya kata wakiomba rangi na nafasi zile nne za motokaa. Nimemsaidia kuiandika barua hiyo, pamoja na hesabu niliyoieleza hapo juu.

Neno la mwisho ni kwa wazazi, nalo Mwalimu wa Zamu ameniruhusu kuliandika. Siku ya Wazazi muhula huu, wenye motokaa wanaombwa wasiegeshe langoni wala juu ya njia itokayo kituo cha daladala, kwa kuwa wazazi wengi huja kwa miguu na vikapu vyao, na baadhi yao ni wazee. Tumechora mistari katika uwanja mdogo, upande wa miarobaini, na panatosha motokaa 40. Bodaboda zitashusha abiria nje ya lango, kulia, na pikipiki za kungojea zitakaa nyuma ya karakana. Wavulana wanne wa Kidato cha Nne watasimama na vibendera vyekundu kuonyesha njia, kuanzia saa mbili asubuhi. Mzazi ambaye gari lake limekataa kuwaka asiliache langoni kwa kuona haya. Vijana wa kulisukuma tutakuwapo.